Chupa Iliyokunywa Sampuli: Plastiki Kama Kifyonzi cha Mwisho cha Majitaka

Hotuba kwa mafundi sanifu, wahandisi na wanafunzi wa fani ya maji

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa fani ya maji, wenzangu wa maabara na wa mitambo, na ninyi wanafunzi mliokaa kule nyuma: asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mgeni maabara, nilipewa kazi ya kupima triklosani, ile kemikali ya kuua vijidudu ambayo kwa miaka mingi ilitiwa kwenye sabuni na dawa za meno. Ijumaa nilitengeneza myeyusho wa kulinganishia, nikaupima, nikaridhika nao, nikaumimina kwenye chupa nyeupe ya plastiki, nikaenda zangu nyumbani. Jumatatu nilipoupima tena, zaidi ya nusu ya triklosani haikuwepo. Nikaamini mashine imeharibika. Nikabadilisha hiki na kile, nikapima mchana kutwa, jibu likawa lile lile. Jioni akaja fundi sanifu mmoja mtu mzima, asiye na maneno mengi, akasimama nyuma yangu akaniuliza: "Mwanangu, haya maji uliyalaza kwenye nini?"

Nikamwonyesha chupa.

"Basi usiitafute kemikali yako majini," akasema. "Imo kwenye chupa."

Siku hiyo nilielewa kwa nini wanaopima kemikali za aina hii hutumia chupa za glasi. Lakini kuna swali lililobaki kichwani mwangu tangu jioni ile, na ndilo lililonileta mbele yenu. Ikiwa chupa ya plastiki inaweza kuyanyang'anya maji kemikali bila kuombwa, kwa nini tusiiombe?

Tuanze na kile kinachotoka kwenye mitambo yetu. Njia ya tope amilifu, ambayo mitambo mingi duniani bado inaitegemea, ilitangazwa mwaka 1914 na Edward Ardern na William Lockett kutokana na kazi yao Manchester, Uingereza. Ni njia ya kuheshimiwa. Unawapa bakteria hewa na chakula, wanakula uchafu, wanaongezeka, kisha unawatuamisha chini kama tope na maji yanabaki juu yakiwa meupe. Imeokoa maisha ya watu wengi mno. Ila iliundwa kwa ajili ya kinyesi, mkojo, sabuni na mabaki ya jikoni. Hakuna aliyeisanifu akifikiria kidonge cha kifafa.

Nitaje kidonge hicho kwa jina: kabamazepini. Mgonjwa anakimeza, sehemu yake inatoka mwilini, inashuka kwenye bomba hadi mtamboni. Bakteria hawaijui. Kwa kawaida mtambo wa tope amilifu hauondoi hata asilimia 10 ya kabamazepini, na wapo waliopima wakakuta nyingi zaidi kwenye maji yanayotoka kuliko yanayoingia. Si kwamba mtambo unatengeneza dawa. Mwili wa binadamu huifunga sehemu ya dawa kwa kuibandika kipande cha sukari, bakteria wakafika wakakila kile kipande, na dawa ikarudi katika umbo lake la awali. Pamoja nayo ipo diklofenaki, ile ya maumivu ya viungo. Zipo antibiotiki kama sulfamethoksazoli, viua magugu, manukato ya sabuni, na homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango, ethinilestradioli.

Hizi zote tunaziita vichafuzi vya oganiki. Kwa wanafunzi niseme mapema: mwanakemia akisema oganiki hamaanishi samadi wala mboga isiyopuliziwa dawa. Anamaanisha molekuli iliyojengwa juu ya uti wa kaboni. Nyingi kati ya hizo ni zile zile zinazotuponya, na maji yanayozibeba yanapita kila kipimo cha kawaida cha mtambo: ni maangavu, hayanuki, oksijeni iko sawa.

Mtu anaweza kuniambia kiasi chenyewe ni kidogo. Ni kweli, tunahesabu kwa nanogramu katika lita. Nanogramu 1 kwa lita ni sawa na gramu 1 iliyoyeyushwa katika mabwawa 400 ya kuogelea ya ukubwa wa Olimpiki. Sasa sikilizeni kilichotokea Kanada, katika ziwa dogo lililotengwa kwa utafiti, lenye namba 260. Kwa miaka mitatu mfululizo, kuanzia 2001 hadi 2003, watafiti walitia ethinilestradioli humo kwa kiwango cha nanogramu 5 hadi 6 kwa lita. Samaki madume wakaanza kuzalisha protini ya mayai. Jamii ya samaki wadogo waliokuwa wengi ziwani ikaporomoka hadi karibu kutoweka. Gramu 1 katika mabwawa 400, zidisha mara tano au sita: ni hicho tu. Kwa hiyo neno "kidogo" tulitumie kwa uangalifu sana.

Sasa turudi kwenye plastiki.

Kila mmoja wetu amewahi kushika dumu lililobeba mafuta ya taa. Unaliosha kwa maji ya moto, unalisugua kwa sabuni, unalianika juani, na bado linanuka. Harufu ile haikai juu ya plastiki kama vumbi, imezama ndani ya ukuta wa dumu. Plastiki ya dumu ni polithini, na polithini ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni, ndugu wa damu wa mafuta. Katika joto la kawaida sehemu ya minyororo hiyo inacheza-cheza kama tambi zilizoiva, na kati yake mna nafasi. Molekuli yenye tabia ya mafuta ikiwa ndani ya maji haina raha. Maji yanashikana yenyewe kwa yenyewe na kuisukuma pembeni. Ikigusa polithini inajikuta kwa jamaa zake, inaingia. Ndiyo maana nasema plastiki laini hufyonza. Plastiki ngumu kama polistirini tabia yake ni nyingine: minyororo yake katika joto la kawaida imeganda, kwa hiyo kemikali hunata zaidi juu ya uso na ndani ya vitundu, haizami kirahisi.

Bahari ilitufundisha jambo hili kwa njia chungu. Mwaka 2001 Profesa Hideshige Takada na wenzake wa Tokyo walichapisha vipimo vya punje za plastiki zilizokaa katika maji ya bahari. Ndani ya punje walikuta sumu za viwandani za kundi la PCB, na DDE inayotokana na DDT, ile dawa ya kuua wadudu, kwa viwango vilivyozidi vile vya maji yaliyozizunguka kwa mara 100,000 hadi 1,000,000. Walimwengu wengi waliusoma utafiti huo kama mashtaka dhidi ya plastiki, na walikuwa na haki. Mimi niliusoma mara mbili. Mara ya pili niliona ndani yake kifaa. Wapimaji wa mazingira walikuwa wamekwisha kukiona: wao huning'iniza utepe mwembamba wa polithini au silikoni mtoni kwa wiki kadhaa, wakautoa, wakasoma kilichojikusanya. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Mtihani wetu ni kuutumia moto huu bila kuunguza nyumba.

Hesabu yake si ngumu, na naomba mwanafunzi yeyote aliye na kalamu anifuate. Chukua kemikali ambayo kilo 1 ya plastiki, ikishatulia na maji, inashika kiasi kile kile kinachoshikwa na lita 10,000 za maji. Basi gramu 1 ya plastiki ina nguvu ya lita 10. Itumbukize kwenye lita 1 ya maji. Kemikali itajigawa mafungu 11: fungu 1 litabaki majini na 10 yataingia kwenye plastiki. Umeondoa asilimia 91 kwa gramu 1. Sasa igawe gramu hiyo vipande viwili sawa. Weka cha kwanza, subiri, kitoe, kisha weka cha pili. Kila kipande kina nguvu ya lita 5, kwa hiyo kila mara inabaki sehemu 1 kati ya 6. Sita mara sita ni 36. Kinachobaki ni chini ya asilimia 3, kwa plastiki ile ile. Ndiyo sababu hatupendi kumwaga plastiki kwenye tangi na kukoroga. Tunataka maji yapite hatua kwa hatua, yakutane mwishoni na plastiki iliyo safi kuliko zote.

Unene nao ni jambo la kuangalia. Ukiongeza unene wa karatasi ya plastiki mara mbili, muda wa kemikali kupenya hadi katikati unakuwa mara nne. Kwa hiyo tunatumia karatasi nyembamba au nyuzi. Na kwa kemikali zinazoipenda plastiki sana, kinachochelewesha si plastiki yenyewe, ni ule utando wa maji yaliyotulia juu ya uso wake. Maji yakipita kwa kasi, utando unakuwa mwembamba.

Kuna faida moja ambayo naiona haitajwi vya kutosha. Mkaa amilifu, ambao ndio mfalme wa kazi hii, una vitundu vidogo mno, na majitaka yaliyosafishwa bado yana mabaki ya vitu asilia, yale yanayoyapa maji rangi ya chai hafifu. Mabaki hayo yanagombania nafasi na vichafuzi, na makubwa yake huziba milango ya vitundu. Katika plastiki laini mambo ni tofauti. Molekuli hizo kubwa haziwezi kuzama kati ya minyororo, na kemikali inayoyeyuka ndani ya plastiki haishindani sana na nyingine, kama vile sukari na chumvi zinavyoweza kuyeyuka pamoja katika glasi moja.

Hadi hapa habari ni njema, na ningeweza kushuka jukwaani mkapiga makofi. Lakini ningekuwa nimewadanganya, kwa sababu sehemu ngumu bado.

Kumbukeni kwamba tope lenyewe ni la mafuta-mafuta. Kemikali zinazopenda polithini hupenda tope pia. Triklosani, manukato mazito ya sabuni, PCB: sehemu kubwa ya hizi imekwisha kushikwa na tope kabla maji hayajafika mwisho wa mtambo. Zinazofika mwisho ni zile zilizolikataa tope, na nyingi kati ya hizo zitaikataa polithini vile vile. Rudieni hesabu yetu na kemikali ambayo kilo 1 ya plastiki inashika kiasi cha lita 10 tu. Gramu 1 ina nguvu ya sehemu moja ya mia ya lita. Utaondoa asilimia 1. Kabamazepini inapenda maji kuliko inavyopenda polithini. Diklofenaki ni asidi. Katika maji ya kawaida hubeba chaji hasi, na kitu chenye chaji hakiingii katika plastiki yenye tabia ya mafuta.

Nimeona mapendekezo mengi ya kusafisha majitaka kwa mifuko iliyokatwakatwa, na nia ya waandishi ni safi, lakini wamejaribu kwa kemikali zilizo rahisi kushikwa na kutangaza ushindi. Wenzangu, kabla ya kuuliza plastiki inaondoa asilimia ngapi, ulizeni inaondoa nini.

Je, tuache? Hapana. Plastiki si moja. Minyororo inaweza kujengwa na vikundi vinavyoshikana na molekuli zipendazo maji, kama ilivyo katika poliamidi na poliurethani. Resini, yaani punje za polistirini ambazo minyororo yake imefungwa pamoja kwa viungo-mtambuka na kubandikwa chaji chanya, tayari zinafanya kazi ya kweli duniani: ndizo zinazotumika kukamata kemikali za PFAS, zile zisizooza, kutoka kwenye maji ya chini ya ardhi, kwa sababu nyingi za PFAS hubeba chaji hasi na zina mkia unaokwepa maji. Resini inazishika kwa pande zote mbili.

Mfano unaonigusa zaidi ulichapishwa mwaka 2016 na kundi la Profesa William Dichtel nchini Marekani. Walichukua siklodekstrini, pete ya molekuli saba za glukosi inayotokana na wanga. Pete hiyo ina umbo la kikombe kisicho na kitako, nje inapenda maji na ndani inapenda mafuta. Wakaziunganisha pete hizo ziwe polima, yaani molekuli nyingi zilizofungamana kama minyororo ya plastiki, ngumu na yenye vitundu. Walipoijaribu kwa kemikali mbalimbali, dawa na viuatilifu vikiwemo, ilizishika kwa kasi iliyozidi ile ya mikaa amilifu na polima za siklodekstrini zisizo na vitundu kwa mara 15 hadi 200. Kisha wakaiosha kwa alkoholi bila kuipasha moto na kuitumia tena mara kadhaa bila nguvu yake kupungua. Mkaa amilifu, ili urudishiwe uwezo wake, hupelekwa kwenye tanuri la nyuzi joto 800 na zaidi.

Niseme kidogo kuhusu bakteria. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wahandisi wa Norwe walianza kutumia vipande vidogo vya polithini vinavyoelea kwenye tangi ili bakteria wajenge makazi juu yake. Baadaye ilionekana kwamba utando wa bakteria hao, wanaokua polepole na kukaa muda mrefu, unaweza kuivunja diklofenaki vizuri kuliko tope la kawaida. Kwa hiyo ule utelezi unaoota juu ya vifyonzi vyetu, ambao kwanza niliuona kama adui kwa sababu unachelewesha kemikali kuingia, huenda ukawa mshirika.

Sasa naomba tuongee kuhusu hatari, na hapa sitapunguza neno.

Plastiki hutoa kama inavyopokea. Lile dumu linanuka kwa sababu mafuta ya taa yanatoka. PVC laini imejaa vilainishi vya ftalati. Mpira wa matairi ya zamani unafyonza vizuri sana, na watu wengi wanautaja kwa sababu taka zake ni nyingi. Lakini tairi hutoa zinki, na lina kemikali ya kuzuia mpira usipasuke ambayo, ikikutana na ozoni ya hewani, inageuka kuwa kitu kinachoitwa 6PPD-kwinoni. Mwishoni mwa 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kitu hicho ndicho kilichokuwa kikiwaua samoni aina ya koho kwenye vijito vilivyopokea maji ya mvua kutoka barabarani. Kuweka mpira wa namna hiyo mwishoni mwa mtambo, hatua ya mwisho kabla ya mto, kwangu mimi ni jambo lisilokubalika hadi mtu athibitishe kwa vipimo kwamba hautoi sumu.

Plastiki pia huchakaa. Vipande vikisuguana vinatoa chembechembe, na chembe iliyoshiba vichafuzi ikitoroka kwenda mtoni tumefanya kibaya kuliko kutofanya kitu. Ndiyo maana sikubali vipande vilivyosagwa vikikorogwa kwenye tangi la wazi. Nataka karatasi zilizokazwa kwenye fremu, au punje zilizofungwa ndani ya safu yenye kichujio juu na chini, zilizopimwa uzito siku ya kuingia na siku ya kutoka. Uzito ukipungua, tuseme ulikwenda wapi.

Halafu lipo swali ambalo ningependa kila mhakiki wa miradi aliulize kwanza. Kifyonzi hakiui sumu, kinaihamisha. Ile chupa yangu ya triklosani niliitunza. Miezi kadhaa baadaye niliijaza maji safi kabisa ya maabara, nikayaacha wiki moja, nikayapima, na triklosani ilikuwemo. Sasa fikirieni kifyonzi kilichoshiba kikitupwa dampo na mvua ikakinyeshea. Mvua ni maji safi, na maji safi yatarudisha nje kile tulichohangaika kukiingiza ndani. Mpango unaoheshimika lazima ufike mwisho: kifyonzi kioshwe kwa alkoholi, alkoholi ikenekwe na kurudi kazini, na yale masalia machache yenye sumu iliyojikusanya yaende kwenye tanuri la taka hatari. Kama yana klorini nyingi, Umoja wa Ulaya unataka joto la angalau nyuzi 1,100. Polithini laini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi, kwa hiyo kuipasha moto kama mkaa hakuwezekani. Mahali pasipo na njia ya kuosha wala tanuri, mradi huo usianze.

Nchi zilizotangulia katika hatua hii ya kuondoa vichafuzi vya oganiki, inayoitwa hatua ya nne ya usafishaji, hazikuchagua plastiki. Uswisi ilibadili sheria yake kuanzia 2016 ili mitambo iliyoteuliwa iondoe asilimia 80 ya vichafuzi hivi, ikipimwa kwa orodha ya kemikali 12, kabamazepini na diklofenaki zikiwemo. Wanatumia ozoni, gesi inayovunja molekuli hizo, na mkaa amilifu. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 agizo linalotaka mitambo mikubwa, inayohudumia mzigo wa watu 150,000 na zaidi, iwe na hatua hiyo ifikapo 2045, na watengenezaji wa dawa na vipodozi wabebe angalau asilimia 80 ya gharama. Hilo la mwisho nalipenda sana. Anayeuza molekuli ashiriki kuifuatilia.

Lakini ozoni inahitaji umeme usiokatika na usimamizi wa karibu, na mkaa unahitaji tanuri. Mitambo midogo na mabwawa ya majitaka vitasubiri muda mrefu. Hapo ndipo ninapoiona nafasi ya vifyonzi vya polima: safu inayopitisha maji kwa mteremko tu, inayobebwa ikishiba na kuoshwa kituo kimoja kinachohudumia mitambo mingi. Polima iliyotengenezwa kwa kazi hii, yenye viambato vinavyojulikana, na si taka yoyote iliyookotwa. Najua neno hilo linawavunja moyo wanaotamani kuua ndege wawili kwa jiwe moja. Taka za plastiki tuzishughulikie kwa njia yake.

Ninachowaomba wenye mitambo mliomo humu ni kidogo. Nipeni mita mbili za mfereji baada ya tangi la mwisho la kutuamisha, kwa miezi sita. Tutaleta safu tatu: polithini tupu, polima yenye siklodekstrini, na mkaa amilifu wa kulinganishia. Tutapima kabamazepini na diklofenaki, zile zinazokataa, kabla ya kujisifia kwa zile rahisi. Uzito wa kila safu utaandikwa na fundi wenu, si na sisi. Sampuli tutakuja kuzichukua kila wiki, juu na chini ya kila safu, na chupa tutakazobeba zitakuwa za glasi.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa naomba maswali, na naomba yaanze kwa wale wa nyuma.